Kimya Kabla ya Jina Langu

Nyuma ya Soko la Mboga,
Irbid, Yordani.
2 Novemba 2025

Mpendwa Mjomba Dhiyab,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba kwa haki ya damu iliyo kati yetu: haya utakayoyakuta humu yabaki kwako. Usimwambie Mama, ingawa ni dada yako na najua humfichi jambo. Usiyataje kwenye kundi la simu la ukoo, hata kwa mzaha. Ndiyo maana nimeandika kwa mkono na kumkabidhi binti wa jirani yetu Mama Fadi, anayerudi kazini huko huko Gothenburg unakoishi. Bahasha nimeifunga kwa gundi, kisha nikaongeza utepe juu yake. Ukikuta utepe umechanika, tafadhali nijulishe.

Sasa nikuamkie kama inavyopasa. Shikamoo, Mjomba. U hali gani? Goti lako linasemaje, na baridi ya huko imeshaanza kukuuma? Bado kiwanda cha mikate kinakutoa kitandani kabla ya ndege? Ile picha uliyotuma siku ya Idi, umesimama kwenye theluji na kofia ya sufu, Mama ameibandika mlangoni mwa jokofu, na kila anayekuja kunywa maji lazima akusalimie.

Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Sukari ya Mama imetulia, ila anaiibia kidogo akidhani hatumwoni. Mizeituni mwaka huu imezaa mpaka matawi yamelala. Baba anapanda ngazi mwenyewe na kutupigia kelele kwamba vijana wa leo wanachuma kama wanaopapasa shavu la mtoto. Debe lako la mafuta limeshatengwa kama kila mwaka, ingawa kama kila mwaka hakuna anayejua litakufikiaje.

Mimi bado ni karani katika kituo cha tiba ya usemi. Napokea wazazi, napanga zamu za watoto, naitikia simu. Kazi naipenda. Lakini kuna jambo hujalijua: pale kazini hakuna anayeniita Kutaiba. Wote wananiita Baba Yazan.

Ilianza siku ya usaili. Bi Rudayna, anayewasimamia matabibu, alikuwa na vyeti vyangu mbele yake, ila kwa adabu tu akaniuliza jina. Jina likakwama. Nikatabasamu, nikamwambia, "Niite Baba Yazan tu," kama vijana wengi wa hapa wanavyojiita kwa mtoto wa kwanza wa ndotoni kabla hawajapata hata mchumba. Tangu hapo Taghrid, tabibu mdogo kuliko wote na mwenye ulimi usiolala, hunisimamisha kila asubuhi.

"Baba Yazan, Yazan hajambo?"

"Hajambo, ila bado hajazaliwa."

"Mwambie afanye haraka, karo za shule zinapanda!"

Na watu hucheka, nami hucheka nao, na jina langu hubaki salama tumboni.

Mjomba, najua unaelewa ninachokuambia. Siku za matanga ya Bibi nilisimama ubavuni pako kwenye mstari wa kupokea rambirambi. Ndugu zako walimjibu kila aliyetoa pole kwa maneno yale tunayoyajua sote. Wewe uliweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, mtu baada ya mtu. Watu wakasema Dhiyab ameumia hata maneno yamemwisha. Mimi niliiona shingo yako ilivyokaza neno likigoma kutoka. Nilikuwa mtoto, lakini ile shingo niliitambua, maana ni yangu. Unisamehe kwa kuandika sentensi hizi. Nilizifuta, kisha nikazirudisha.

Kwa ukoo mzima, mimi nilipona. Wewe ulikuwa umeshasafiri, lakini lazima ulisikia. Baba alinipeleka kwa bwana mmoja wa Zarqa aliyenifundisha kusema huku nikigonga paja kwa kidole, neno moja kidole kimoja. Niliporudi nilisoma Fatiha mbele ya wageni bila kukwama hata mara moja. Baba akachinja, akawapikia ukoo mansafu, wali wetu wa nyama na mtindi, akasimama katikati ya masinia na kutangaza kwamba mwanawe amefunguka ulimi. Wali ulipokwisha, na kidole nacho kikaisha nguvu. Lakini ulikuwa umeshaliwa, Mjomba. Ningewaambiaje watu wautapike?

Basi nikajifunza kuzunguka. Neno likinigomea naliacha mlangoni, nachukua la jirani yake. Nakwenda mkahawani nikiitamani kahawa, naagiza chai. Mama huwaambia wageni kwamba mimi ni mtu wa chai.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Matabibu wetu walisoma mengi chuoni, lakini kigugumizi walikipitia juu juu, kama mtu anayekatiza mtaa usio wake. Mikutano ya wataalamu hufanyika mbali, na ruhusa ya safari hailetwi na matamanio. Kwa hiyo Bi Rudayna akaanza kusikiliza podikasti, vile vipindi vya sauti vya mtandaoni. Humo matabibu wa nchi nyingine huzungumza wao kwa wao juu ya kazi: nini walikosea, nini wameacha kuwafanyia watoto, nini wamejifunza. Wengine wao wana kigugumizi wenyewe na hawajisumbui kukificha.

Kila Alhamisi, mtoto wa mwisho akishaondoka, wanavuta viti mezani kwangu, kwa kuwa kompyuta yangu ndiyo yenye vipaza sauti vizuri. Taghrid anapika chai ya majani ya maramia, mwingine analeta mikate ya ufuta. Bi Rudayna anafungua kipindi, anakisimamisha, anawafasiria walioachwa na Kiingereza, wanabishana, wanaendelea. Na wana sheria: hakuna kusikiliza bure. Kilichosikika Alhamisi hii, tabibu akifanye kwa mwili wake kabla ya Alhamisi nyingine, ndipo awe na uso wa kumwomba mgonjwa akifanye.

Mimi nilijifanya napanga mafaili. Kwa kweli nilikuwa nasikiliza kuliko wote. Siku walipoeleza habari za watu wanaobadilisha maneno ili wasijulikane, niliangusha kalamu nikakaa chini ya meza kuitafuta muda mrefu kuliko inavyostahili kalamu.

Alhamisi moja tabibu mmoja ndani ya kipindi alisema kwamba anayemwambia mtoto akwame waziwazi mbele za watu, naye mwenyewe hajawahi, anamtuma mtoto kwenye maji asiyoyajua kina. Wakapiga kura. Ikamwangukia Taghrid. Aende duka la falafeli lililo ng'ambo ya barabara, aagize kwa kigugumizi cha makusudi, asiharakishe, asicheke. Mimi nikatumwa niwe shahidi. Nilitamani ardhi inimeze.

"N-n-nataka f-f-f..." akaanza Taghrid.

"Falafeli?" muuzaji akamdakia.

"F-f-f..."

"Fuli? Maharage ya fuli yamekwisha, binti yangu. Vuta pumzi. Sema bismillahi."

"F-f-falafeli!"

"Si ndiyo niliyosema mimi!"

Nyuma yetu mtu akacheka. Mwingine akapaza sauti, "Mpe duka zima, sisi tuna njaa!"

Taghrid alitoka pale kola imelowa jasho. Tulipofika kwenye ngazi za kituo akaketi, kifuko cha falafeli mapajani, wala hakukifungua.

"Baba Yazan," akasema, "nimekuwa nikiwaambia watoto ni jambo dogo. Wallahi sitalirudia neno hilo."

Nikaketi kando yake. Yeye alikuwa amekaa mahali pale kwa muda wa kukaanga falafeli, na mimi nilikuwa mkazi.

Baada ya mwezi wa Ramadhani Bi Rudayna alikuja na wazo. Podikasti za wenzetu ni nzuri, ila zinakwenda mbio na ni za Kiingereza. Kule Maan na Tafila kuna matabibu walio peke yao kabisa, hawana hata wa kubishana naye. Kwa nini sisi tusiwatengenezee yetu, kwa Kiarabu chetu cha nyumbani? Wakanunua maikrofoni, wakatundika mablanketi kwenye chumba cha vifaa, na kazi ya kurekodi na kuhariri nikapewa mimi, kwa kuwa ndimi ninayeelewana na kompyuta.

Mgeni wa kwanza alikuwa Mwalimu Jawdat. Anafundisha fizikia sekondari, na anafundisha kwa kigugumizi chake mchana kweupe. Wanafunzi wake wanasubiri. Alizungumza na Bi Rudayna kwa mapana: matibabu gani yalimsaidia, yapi yalimfunga zaidi, na angependa tabibu afanye nini mdomo wake unapokwama. Alipokwama, alikwama kwelikweli, hana haraka, kisha akaendelea na sentensi yake palepale alipoiacha.

Nikakaa na rekodi ile, Mjomba, nikaisafisha. Kila "m-m-m" nikaikata. Kila kimya nikakiziba. Nilifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, nikiunganisha pumzi na pumzi pasisikike mshono. Nilidhani namheshimu. Nilidhani ndicho ambacho mtu yeyote mwenye huruma angemfanyia. Kisha, ili kupata nafasi kwenye kompyuta, nikaifuta rekodi ya mwanzo.

Alhamisi wakaja kusikiliza, na Mwalimu mwenyewe akaalikwa, bado ana vumbi la chaki mkononi. Nikafungua. Alisikiliza mikono imekunjwa kifuani. Kipindi kilipofika katikati akainua kidole kama mwanafunzi.

"H-h-huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mwalimu," nikasema.

"S-sauti ni yangu. Lakini m-m-mbona mmemwita mtu mwingine asimulie maisha yangu?"

Taghrid akapiga kofi paja lake. "Baba Yazan! Tumekupa Mwalimu, umeturudishia mtangazaji wa taarifa ya habari!"

Walicheka, nikacheka. Bi Rudayna hakucheka. Alikuwa anaitazama kompyuta kama mtu aliyefungua chungu akakuta maji matupu.

"Tabibu wa Maan atajifunza nini hapa?" akauliza taratibu. "Atamsikia mtu anasema ana kigugumizi, na kigugumizi chenyewe hakipo. Kesho mtoto atakwama mbele yake, naye atafanya hivi hivi ulivyofanya. Atamkata. Rekodi ya mwanzo iko wapi?"

Nikamwambia.

"Kwa nini, lakini? Nani alikwambia?"

Nilifungua mdomo. Jibu la kweli lilikuwa maneno mawili, nayo yalianza kwa sauti ile ile inayoanza jina langu. Nikatafuta la jirani yake. Kila jirani alikuwa uongo. Nikaliendea lenyewe, likafunga. Si sauti ya kurudiarudia kama ya Mwalimu. Yangu ni kimya, ni mlango wa chuma. Nilihisi shingo inakaza, shingo yetu, Mjomba.

Hakuna aliyenimalizia. Hakuna aliyeniambia nivute pumzi. Taghrid, ambaye hajawahi kuacha pengo katika mazungumzo ya mtu, alishusha kikombe polepole kisitoe hata mlio. Mwalimu alinitazama usoni kwa utulivu wa mtu aliyekaa kwake.

"Kwa heshima," nikasema mwishowe.

Bi Rudayna akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemwambia saa. Nilipomuuliza baadaye kama amewahi kushuku, alinishangaa.

"Baba Yazan, hii ndiyo kazi yangu. Nilijua siku ya usaili."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umejifungia kwa ndani. Ningeuvunja mlango, ningekuwa nimekutibu au nimekuibia?"

Mwalimu Jawdat alikubali kurudia mahojiano yote, kwa sharti moja. "Aniulize h-h-huyu," akasema, akinielekezea kidole chenye chaki. "Na ajitambulishe kwa jina lake. Si la m-m-mtoto ambaye mama yake hajapatikana."

Nilikaa siku nyingi nikiogopa. Bado naogopa, sitakudanganya. Hata sasa ninapoandika nimesimama kuangalia kama mlango wa chumba umefungwa. Lakini Alhamisi moja ya mwezi uliopita niliketi nyuma ya mablanketi yale, Mwalimu mbele yangu, nikaanza kutaja jina langu. Kikaja kimya. Kikakaa. Nikaacha kikae. Kisha nikasema: Kutaiba. Baada ya hapo maswali yalitoka, mengine yakijikwaa, mengine yakiruka. Mwalimu alipokwama nilimsubiri, nilipokwama alinisubiri, na mara moja tulikwama wote wawili kwa pamoja na tukaishia kucheka mpaka maikrofoni ikaanguka.

Wakati wa kuhariri, Taghrid alikaa ubavuni kunilinda. "Mkono wako ukisogelea ule mkasi wa kwenye kioo cha kompyuta, nautia kofi," alisema. Tumeacha kila kitu, hata honi ya mwuza gesi aliyepita dirishani. Tulipomaliza akaniuliza nitakunywa nini. Akasubiri muda wake. Nikamwomba kahawa.

Bi Rudayna alimtumia tabibu mmoja wa Maan asikilize kwanza. Akajibu kwamba amesoma habari za kukwama vitabuni tangu chuo, lakini hajawahi kukaa ndani ya kukwama mpaka mwisho bila kumwokoa mtu. Akasema asubuhi ile hakumkatiza mgonjwa wake. Mjomba, kwa ajili ya mgonjwa yule nisiyemjua, siwezi tena kurudi nyuma.

Kipindi kitatolewa kwa watu wote Alhamisi ya tarehe 20. Baba hasikilizi podikasti, lakini binamu zangu wanasikiliza kila kitu, na kufikia usiku huo kitakuwa kwenye kundi la ukoo. Sitaki ajue kupitia simu ya mtu mwingine, amekaa kwa kinyozi, mbele ya wale aliowalisha ile mansafu. Atajua kwangu, kwa mdomo. Nitamwambia Ijumaa ya tarehe 14 kwenye kinu cha mafuta, tunaposubiri zamu yetu na mkate wa moto mkononi. Huwa ana furaha pale kuliko mahali pengine popote. Ndiyo sababu ya siri niliyokuomba. Akidokezwa kabla, atakuja kituoni amsihi Bi Rudayna kipindi kifutwe, naye atasikitika, na mimi nitalegea. Akiniambia mwenyewe nikiondoe, nitamjibu hapana. Neno hilo halijawahi kunikwama, ila sijawahi kumwambia yeye.

Nampenda Baba. Hakunipikia aibu, alinipikia furaha yake. Nataka tu ajue aliyempikia ni nani.

Lakini kabla ya Ijumaa hiyo nina haja moja, nayo iko kwako. Nataka mtu wa kwanza wa ukoo wetu kunisikia nikilitaja jina langu bila kuzunguka awe wewe. Si kwa barua. Miaka yote hii hujapiga simu, na nyumbani wanasema Dhiyab ni mtu mzito, hapendi maneno mengi. Mimi sijawahi kuwasahihisha.

Nisalimie dada yenu, Mama mkubwa Nawal, ukimwandikia ujumbe, na mwanao Siwar, nasikia amekuwa mrefu kukupita. Mama anakusalimu bila kujua kwamba nakuandikia. Jirani Mama Fadi naye anauliza kama huko kuna bamia. Mungu akulinde barabarani na kwenye utelezi, akupe afya ya goti na usingizi wa kutosha, na atukutanishe kwenye mizeituni tukiwa hai sote.

Namna ya kunipata ni hii. Usipige nyumbani, Baba ndiye anayeinyakua simu. Usipige ya mkononi, Mama huichukua kutazama picha. Piga kituoni, namba nimeiandika upande wa ndani wa bahasha. Piga kati ya Jumapili na Jumatano, saa tano asubuhi kwa saa zetu, milango yote inapokuwa imefungwa na watoto wamo ndani na matabibu. Simu iko mezani kwangu na hakuna mwingine anayeigusa. Itainuliwa, kisha utasikia kimya. Usikate. Laini haijaharibika. Ni mimi, nakuja na jina langu. Na likishafika, itakuwa zamu yako, Mjomba. Nami sitakata.

Ni mimi, mpwa wako akupendaye bila kificho,

Kutaiba